Kiunzi cha tovuti: wafanyabiashara Lushoto wapime mzigo kabla ya kumlipa fundi

WENYE nyumba za wageni, waongoza watalii na wauzaji wa mboga na matunda wa Lushoto wanaotaka kujitangaza kwa tovuti wana swali moja la kuuliza kabla ya kutoa malipo ya awali: tovuti hiyo itajengwa juu ya kiunzi gani, na ni nani atakayebeba gharama yake fundi akishaondoka?

Swali hilo huonekana kuwa la mafundi wa kompyuta peke yao. Kwa kweli ni la kibiashara, kwa kuwa kiunzi hugusa mambo matatu yanayohusu mfuko: muda ambao mteja atasubiri ukurasa ufunguke, bando litakalotumika kuufungua, na idadi ya mafundi wanaoweza kuitwa siku bei za vyumba zinapobadilika.

Viunzi hivyo, ambavyo mafundi huviita fremuweki, ni mafaili ya mitindo yaliyokwisha andikwa na watu wengine na kutolewa bure. Ni kama milango na madirisha yanayouzwa tayari kwa vipimo maalumu: fundi huyapachika tu, hana haja ya kuchonga. Faida yake ni haraka ya kazi. Hasara yake ni kwamba dirisha la tayari halikukatwa kwa ajili ya nyumba yako.

Wateja wa aina mbili

Mji wa Lushoto uko takriban kilomita 33 kutoka Mombo, mahali ambapo barabara ya mlimani inaiacha barabara kuu iendayo Moshi na Arusha na kupanda kupitia Soni. Hali ya hewa ya baridi ndiyo iliyowavuta Wajerumani, ambao enzi za ukoloni wao waliuita mji huo Wilhelmstal. Baridi hiyo hiyo ndiyo mtaji wa leo: inakuza kabeji, karoti, viazi, plamu na peasi, na inaleta wageni wanaotembea kwa miguu kwenda Irente, msitu wa Magamba, Rangwi na Mtae.

Kwa upande wa tovuti, soko hilo lina wateja wa aina mbili. Wa kwanza ni mgeni wa Ulaya anayepanga safari miezi kadhaa kabla, akiwa mbele ya kompyuta yenye kioo kipana, akilinganisha picha za vyumba. Wa pili ni familia ya Dar es Salaam au Tanga inayotafuta malazi ya mwisho wa juma, au mnunuzi wa Kariakoo anayeulizia mzigo, wote wakiwa na simu mkononi. Hawa hutaka mambo machache: bei, namba ya simu na njia ya kufika.

Aidha, mteja wa kwanza hugeuka kuwa wa pili. Mgeni aliyechagua chumba kwa kompyuta akiwa kwao hufungua ukurasa ule ule kwa simu akishashuka basi Mombo, akitafuta namna ya kupanda mlima. Ukurasa uliopangwa kwa ajili ya kioo kipana peke yake utamwonyesha maandishi madogo kama punje za mtama, na huenda akampigia simu mwenye nyumba mwingine.

Jinsi ukurasa unavyojipanga

Sura ya ukurasa hutawaliwa na lugha ya mitindo iitwayo CSS, iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994. Toleo lake la kwanza lilipitishwa rasmi mwaka 1996. Kwa miaka mingi kampuni zilizotaka wateja wa simu zililazimika kujenga tovuti mbili, moja ya kompyuta na nyingine ya simu, na kulipia matunzo ya zote mbili.

Mwezi Mei 2010 mbunifu wa Marekani, Ethan Marcotte, alichapisha makala iliyoonyesha kwamba tovuti moja inatosha. Alitaja nyenzo tatu: safu zinazopimwa kwa asilimia, picha zinazopungua kufuatana na nafasi, na masharti ya upana yanayouambia ukurasa ubadili mpangilio kioo kikiwa chembamba. Mnamo Aprili 2015 Google nayo ilianza kuzipa nafasi nzuri zaidi kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu pale mtu anapotafuta kwa simu. Tangu hapo ukurasa usiojipanga umekuwa hasara ya wazi ya biashara.

Viunzi vingi hufanya kazi hiyo kwa kugawa upana wa kioo katika safu 12. Tuchukue mfano wa nyumba ya wageni yenye aina tatu za vyumba. Kwenye kompyuta kila aina hupewa safu 4, hivyo zote tatu hukaa ubavu kwa ubavu. Kwenye simu kila aina hupewa safu zote 12, hivyo hupangana juu na chini kama vyombo kabatini. Kinachogeuza mpangilio ni kikomo cha upana. Katika Bootstrap kikomo kimojawapo ni pikseli 768, wakati simu nyingi huhesabiwa kuwa na upana wa pikseli 360 hadi 430 hivi.

Vinne vinavyotajwa zaidi

Bootstrap iliandaliwa na Mark Otto na Jacob Thornton wakiwa wafanyakazi wa Twitter, ikatolewa kwa umma Agosti 2011. Toleo la 3 la mwaka 2013 ndilo lililoanza kuipanga simu kwanza na kompyuta baadaye. Toleo la 5, lililotoka Mei 2021, liliacha kutegemea maktaba ya jQuery. Ina kila kitu: menyu, vitufe, fomu, kadi na majedwali. Lawama yake kubwa ni sura. Fundi mvivu akiitumia jinsi ilivyo, tovuti ya Lushoto hufanana na ya duka la vipuri la mji mwingine wowote.

Foundation ilitolewa na kampuni ya ZURB ya California mwaka 2011, nayo ilitangulia Bootstrap kwa miezi michache katika kuipa simu kipaumbele mwaka 2013. Ilisifiwa kwa safu zake na kwa viunzi vya barua pepe. Tangu mwaka 2019 matunzo yake yamekuwa mikononi mwa watu wanaojitolea, na bado inategemea jQuery. Kwa mwekezaji anayeanza leo, hilo ni jambo la kulitia katika hesabu.

Bulma ya Jeremy Thomas ilianza mwaka 2016. Inaleta CSS tupu bila JavaScript, na majina yake ni rahisi kusoma. Matokeo yake ni kwamba menyu ya simu haifunguki mpaka fundi aandike mwenyewe mistari ya kuifungua. Kwa fundi mzoefu ni kazi ya muda mfupi. Kwa anayejifunza ni mahali pa kukwama.

Tailwind CSS, iliyoanzishwa na Adam Wathan na wenzake na kutolewa mwaka 2017, inafuata njia nyingine kabisa. Haileti kadi wala vitufe vilivyo tayari. Inaleta mamia ya majina mafupi ambayo kila moja hufanya kazi moja: hili huongeza nafasi, lile hubadili rangi, lingine hupanga safu. Fundi huyaunganisha mpaka apate sura anayotaka. Programu yake hukagua kurasa zote, kisha hutoa faili lenye mitindo iliyotumika tu.

Vyote vinne hutolewa bure kwa leseni inayoruhusu matumizi ya kibiashara. Kwa hiyo fundi anayedai ada kwa ajili ya kununua Bootstrap aombwe kueleza ada hiyo ni ya nini. Kinachonunuliwa ni kazi ya mikono yake na, pengine, sura za kurasa zilizokwisha pambwa ambazo baadhi ya watengenezaji huziuza.

Lumbesa ya kwenye simu

Mfanyabiashara wa viazi hahitaji kuelezwa maana ya lumbesa, gunia linalojazwa likafungwa kilemba kupita kipimo, ambalo Wakala wa Vipimo imekuwa ikilipiga vita kwa miaka mingi. Viunzi navyo vina lumbesa yake. Tovuti ya kurasa tano hutumia sehemu ndogo tu ya Bootstrap, lakini faili zima husafirishwa hadi kwenye simu ya mteja. Tofauti ni kwamba kwenye lumbesa ya shambani anayepunjwa ni mkulima, wakati kwenye lumbesa ya tovuti anayelipia kilemba ni mteja, kwa bando lake.

Je, kilemba hicho ni kikubwa kiasi gani? Faili la mitindo la Bootstrap toleo la 5, likishabanwa kwa ajili ya safari, lina takriban kilobaiti 30. Faili lake la JavaScript linaongeza kilobaiti 20 na ushei. Jumla ni kama kilobaiti 55. Tailwind, kwa kuwa hutoa kilichotumika tu, mara nyingi huwa chini ya kilobaiti 10 kwa tovuti ndogo.

Zamani mafundi walikuwa na jibu la tayari: Bootstrap ikichukuliwa kutoka hifadhi ya pamoja ya intaneti, simu ya mteja itakuwa imekwisha ihifadhi kutokana na tovuti nyingine. Jibu hilo limepitwa na wakati. Chrome tangu mwaka 2020 na Firefox tangu mwaka 2021 hutenga hifadhi ya kila tovuti, na Safari ilitangulia kufanya hivyo. Mteja atalipakua faili upya.

Hata hivyo, kilobaiti 55 si mzigo wa kuvunja mgongo. Mzigo wenyewe uko kwingine.

Picha ndizo gunia

Picha moja ya Irente, iliyopigwa kwa simu ya kisasa ikionyesha bonde la Mombo na Mazinde chini ya genge, inaweza kufika megabaiti 4. Hiyo ni zaidi ya mara 70 ya uzito wa Bootstrap yote. Mwenye nyumba akiweka picha 12 za aina hiyo, ukurasa wake unafika megabaiti 48. Mteja mwenye bando la megabaiti 100 atamaliza karibu nusu yake kabla hajaiona bei ya chumba.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Kila kiunzi kina amri ya kuifanya picha ienee kwenye kioo cha simu, na mwenye tovuti akiona imeenea hudhani imepungua. Kilichopungua ni mwonekano tu. Faili ni lile lile la megabaiti 4, limesafirishwa lote kisha likakunjwa kwenye kioo kidogo.

Dawa yake haimo katika kiunzi chochote. Fundi huandaa kila picha kwa vipimo viwili au vitatu, kisha huandika katika ukurasa orodha ya vipimo hivyo ili kivinjari chenyewe kichague kinachofaa simu husika. Picha ya simu ikipunguzwa hadi kilobaiti 120, zote 12 huwa chini ya megabaiti moja na nusu. Akiba hiyo ni kubwa mno ikilinganishwa na chochote kitakachookolewa kwa kubishania Bootstrap na Tailwind. Fundi anayejisifu kwa kiunzi chepesi huku akipandisha picha nzima nzima ni sawa na msafirishaji anayepunguza kamba za turubai ili lori liwe jepesi.

Fundi akihama

Jambo la tatu ni upatikanaji wa mafundi. Mwenye biashara ndogo mlimani kwa kawaida hana fundi wa kudumu. Aliyemjengea huenda amepata ajira Dar es Salaam au ameacha kazi hiyo kabisa. Mwaka wa pili bei hubadilika, chumba kipya hujengwa, namba ya simu hubadilishwa, na mtu mwingine anapaswa kuifungua kazi ya yule wa kwanza.

Kwa upande huu Bootstrap ina nguvu. Umri wake mrefu umeifanya ijulikane na mafundi wengi, na maelezo yake ni mengi. Tena ile lumbesa yake hugeuka kuwa akiba ya stoo. Kwa kuwa faili zima limo, fundi mpya anaweza kuongeza jedwali la bei au fomu ya kuuliza nafasi bila kuandaa upya mitindo.

Kwa Tailwind hali ni tofauti. Faili lililopandishwa lina mitindo iliyotumika siku ile tu. Fundi mpya akitumia jina ambalo halikuwamo, ukurasa hautabadilika. Anahitaji mafaili ya chanzo na mpangilio wa kuyaandaa, na kama vilibaki kwenye kompyuta ya fundi wa kwanza, mwenye mali anaweza kujikuta analipia tovuti mara ya pili. Kosa hilo si la Tailwind. Ni la mkataba ambao haukutaja makabidhiano ya chanzo.

Bootstrap nayo ina mtego wake, nao ni matoleo. Matunzo ya toleo la 3 yalikoma Julai 2019, na ya toleo la 4 yalikoma Januari 2023. Matoleo hayo bado yanafanya kazi, lakini dosari za usalama zikigunduliwa hazirekebishwi tena na watengenezaji. Mnunuzi wa tovuti mpya anayepewa toleo la 3 ananunua bidhaa iliyokwisha muda wake.

Vilevile, wapo wateja wanaotumia Opera Mini ili kubana matumizi ya bando. Katika hali yake ya kubana sana, ukurasa hutayarishwa kwanza kwenye kompyuta za Opera, na JavaScript hufanya kazi kwa mipaka. Menyu inayotegemea kitufe inaweza kugoma. Namba ya simu na bei zisifichwe ndani ya menyu; zikae juu ya ukurasa, waziwazi, na namba iwe ya kubonyezwa ikapiga.

Bila kiunzi kabisa

Viunzi vya kwanza vilizaliwa wakati CSS yenyewe ilikuwa haijui kupanga safu vizuri. Udhaifu huo umekwisha. Machi 2017 vivinjari vikubwa vya Chrome, Firefox na Safari vilianza kuikubali CSS Grid, mbinu ya kupanga safu na mistari ambayo ni sehemu ya lugha yenyewe. Fundi anayeijua anaweza kuandika ukurasa mmoja wenye bei, picha nne na ramani kwa mistari michache, bila kiunzi, na ukajipanga vizuri kwenye simu na kompyuta.

Mizani ya wiki

Kwa muuza mboga au mwongoza watalii anayehitaji ukurasa mmoja: CSS tupu bila kiunzi. Mzigo ni mdogo kabisa, na hakuna toleo la kuchakaa.

Kwa nyumba ya wageni yenye kurasa chache na isiyo na fundi wa kudumu: Bootstrap toleo la 5. Kilobaiti chache za ziada ni bima ya bei nafuu dhidi ya siku fundi atakapohama.

Kwa kampuni ya utalii yenye fundi wake, inayotaka sura yake pekee: Tailwind, kwa sharti kwamba chanzo chote kinakabidhiwa na kuhifadhiwa na mwenye mali.

Kwa anayependelea majina rahisi na ana fundi anayeijua JavaScript: Bulma inafaa.

Kwa mwenye tovuti ya Foundation inayofanya kazi: hana haja ya kuibomoa leo, lakini asiongeze mtaji mkubwa juu yake.

Chochote kitakachochaguliwa, mkataba utaje mambo manne: jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la mwenye biashara, mafaili ya chanzo yakabidhiwe, toleo la kiunzi liandikwe, na uzito wa ukurasa wa mwanzo uwekewe kikomo, kwa mfano megabaiti mbili. Kikomo hicho hupimwa kwa dakika chache kwa nyenzo zilizomo ndani ya kivinjari cha kompyuta.

Kabla ya kutoa malipo ya mwisho, mwenye mali ateremke Mombo na simu ya bei ndogo ambayo haijawahi kuufungua ukurasa huo, asimame stendi yanaposimama mabasi ya Dar es Salaam, na aufungue. Iwapo bei na namba ya simu zinaonekana kabla kondakta wa gari la Lushoto hajamaliza kuita abiria, fundi alipwe salio lake. Iwapo mwenye mali bado anatazama kioo cheupe, salio libaki mfukoni, na mazungumzo yaanzie kwenye picha.